Kamera Isiyozidi Pakiti ya Sukari

Jumatatu, 6 Mei

Amri imetoka mezani. Jumapili familia nzima tunakwenda kutembea bwawani, na kesho yake asubuhi Mama mkwe anapanda basi kwenda kuishi kwa binti yake mkubwa, mbali huko. Mke wangu anataka picha moja tu: Mama, sisi na watoto, wote pamoja. Hatuna hata moja ya namna hiyo. Kazi ya kutafuta kamera nimepewa mimi. Isizidi uzito wa pakiti ya sukari ya nusu kilo, na iwe rahisi kiasi kwamba hata kitindamimba wetu aweze kubonyeza. Nikakubali haraka haraka kabla shemeji hajajipendekeza. Huyu mdogo wake mke wangu ana kikamera cha mfukoni, basi kila matembezi anajiita mpiga picha. Yeye! Mtu anayefumba macho akibonyeza.

Jumanne, 7 Mei

Nimechomoka kazini saa ya chakula. Muuza kamera kanionyesha moja ya kijivu, inaingia mfuko wa shati. Unawasha, unabonyeza, basi. Nikaona aibu hata kuishika. Mimi ni mpima mizigo stendi ya mabasi, kutwa nabeba vitu vya watu, najua kitu cha maana kinavyolemea mkono.

Halafu nikaiona ile nyingine kabatini. Nyeusi. Lenzi kubwa kama chupa ya chai. Vitufe kila upande! Muuzaji akanishauri kwa upole kwamba hiyo ni ya wapiga picha wa harusi, na kwa matembezi ya watoto itanichosha bure. Nikamwuliza ananionaje. Nimeinunua. Nimeshindwa hata kula.

Jumatano, 8 Mei

Balaa. Nimeipima kazini: pakiti tatu za sukari na ushee.

Nimezunguka ofisini mpaka karani akaniuliza kama ninaumwa. Kisha likanijia wazo. Abiria wangu nawajua vizuri. Wakikaribia mizani wanatoa pasi na viatu kwenye begi, wanavificha kwenye makoti, begi likishapimwa wanavirudisha. Miaka yote nawakamata. Leo nimewaiga! Lenzi nimeichomoa, nikaiita kifaa cha ziada. Betri, kadi ya picha na mkanda nimevitia kwenye koti langu la kazi. Jioni mke wangu akaiweka kwenye mizani ya jikoni. Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye nusu kilo. Akaniangalia sana. Akasema, "Haya."

Ijumaa, 10 Mei

Nimempigia simu shemeji. Nimemwambia asijisumbue na kikamera chake, Jumapili mambo yote yako mikononi mwangu. Akauliza kama nina uhakika. Dharau hizo!

Kitabu cha maelekezo kimenishinda ukurasa wa pili. Kamera siiwashi, nisije nikamaliza chaji bure. Nafanya mazoezi ya kusimama: mguu mmoja mbele, jicho moja limefumbwa. Siwezi kutulia. Watoto wamehamia chumba kingine.

Jumapili, 12 Mei

Sijui nianzie wapi.

Jua zuri, maji yametulia, Mama amevaa gauni lake jipya la bluu. Nikawapanga. Nikawapangua. Nikawahamishia kwenye nyasi, nikarudi nyuma kwa madaha, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Ndipo nikalikumbuka koti la kazi, lililoning'inia nyuma ya mlango wa nyumbani na betri yangu mfukoni.

Simu yangu ni ya tochi, haina kamera. Ya mke wangu ilitumbukia kwenye beseni la kufulia mwezi jana. Ya shemeji ilikuwa imezima, alipiga muziki njia nzima. Kikamera chake amekiacha kwao, kama nilivyomwagiza.

Mama ndiye aliyeketi wa kwanza. "Tukae tu tuangaliane," akasema. "Nitawabeba hivyo hivyo."

Mke wangu akageukia majini, akajifuta macho. Nimejisikia vibaya. Vibaya kweli kweli.

Jumatatu, 13 Mei

Nafasi ya mwisho, na hapa kwangu stendi! Betri ndani, kadi ndani, lenzi imefungwa. Shemeji naye kaja na kikamera chake. Mke wangu akasema itumike hicho, tusicheze na bahati. Nikaomba dakika moja tu. Picha ya kwanza ikatoka nyeusi tii. Ya pili nyeupe pee. Nikaanza kuzungusha vitufe. Dereva akapiga honi.

"Mwanangu," Mama akaniita, "njoo usimame hapa na wewe."

Nikamjibu bado kidogo, Mama.

Shemeji akakiweka kikamera juu ya mizani yangu, akakitegesha kipige chenyewe, akakimbilia kwenye mstari. Kikalia kacha. Mama akapanda. Nilipoinua kichwa kamera yangu iko tayari, basi linakata kona ya geti. Nina picha safi sana ya taa zake za nyuma.

Jumanne, 14 Mei

Shemeji ameisafisha picha, ameileta. Wamo wote: mke wangu, watoto, shemeji amefumba macho. Mimi simo. Wote wanatazama mbele isipokuwa Mama. Yeye amegeuka pembeni, kule nilikokuwa nimesimama mimi, anatabasamu, mkono kaunyoosha kidogo.

Mke wangu akaitazama, kisha akanipa. Nimeishika mpaka chai ikapoa.

Halafu nikaelewa. Kumbe hata Mama alijua kamera ya kweli ilikuwa upande gani! Shemeji sasa hana la kusema.

Kesho mchana narudi dukani. Muuzaji ana lenzi nyingine, ndefu mara mbili ya hii. Kwa ile, ningempata Mama dirishani hata basi likiwa limeshafika mbali.