Ile F ya Kulaza Kidole

Jumatatu, 3 Juni
Nimejitia kitanzi mwenyewe. Shangazi aliyenilea anastaafu ukunga Jumamosi, nami nimeropoka mbele ya ukoo mzima kwamba nitampigia wimbo wake kwa gitaa. Una kodi nne, yaani mishiko minne ya vidole kwenye nyuzi. Tatu nazijua. Ya nne ni F: kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote sita kama mlinzi aliyepitiwa na usingizi lindoni. Nimekilaza. Nyuzi mbili zimelia, nne zimenuna. Shemeji, kinyozi mwenye vidole kama koleo, kasema ni mazoezi tu. Katumwa?

Jumanne, 4 Juni
Nimepata kibano! Kinabana shingo ya gitaa, kidole kinapumzika. Sauti tamu! Ila wimbo umepanda juu, nami nimeufuata huko huko. Mke wangu akauliza kutoka jikoni nani kaumia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimelegeza nyuzi ili F ijitokee yenyewe, bila kidole. Imejitokea! Lakini zile tatu nilizozijua zimehama. Nashika C, inatoka kitu kisicho na jina. Sielewi. Shemeji kazirudisha nyuzi mahali pake huku akicheka. Dada yangu, mwalimu wa muziki, kanionyesha binamu wa F, kodi nyepesi inayofanana nayo: vidole vitatu, nyuzi nne, zile mbili nene usiziguse. Akasema hata darasa la pili wanaipiga. Basi hapo ndipo nilipokataa. Mtu mzima, ndevu hizi, F ya darasa la pili?

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi umejaa wakunga. Jasho. Nikaanza vizuri, F ikafika, mkono ukaganda. Nikakohoa. F ya pili, nikakohoa tena. Ya tatu, nikainamisha kichwa kwa aibu. Ghafla naona watu wanafuta macho. Shangazi akaja akanikumbatia: "Usilie, mwanangu. Nastaafu tu, sifi." Nikaletewa maji. Nikapigiwa makofi. Mimi? Kwa lipi?

Jumapili, 9 Juni
Simu hazikatiki. Wanasema sijapata kupiga kwa hisia kiasi kile. Mjomba anataka nimpigie wimbo wake naye akihamia nyumba mpya. Una F kumi na moja! Dada kaja tena na binamu wake wa vidole vitatu. Nimemwambia asinipotezee muda. Gitaa liko juu ya kabati. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kukohoa, na koo sasa linaniwasha kwelikweli.