Mashine Isiyo na Mkono

Gedion Muthoka,
Mchongaji (Vijiko),
Ukunda.
14 Septemba 1998

Kwa Bwana Johnstone Mulinge,
Mwenyekiti, Kamati ya Kibanda cha Wachongaji,
Barabara ya Diani.

Ndugu Mwenyekiti,

Kwanza shikamoo. Shikamoo hiyo ni yako kama baba mkwe. Uipokee, uiweke pembeni, maana yote yanayofuata yanamhusu mwenyekiti na si baba wa mke wangu. Ningeweza kuja kuyasema kwa mdomo, kwa kuwa benchi langu liko hatua kumi tu kutoka lako, lakini kila nikisimama mbele yako unaniuliza kama vijiko vimekwisha. Karatasi haiulizwi vijiko.

Ninaandika kulalamika kwamba kamati yako inanizuia kuunda mashine. Mkutano ni Jumamosi na nimesikia kwamba ajenda ya tatu ni mimi. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa nambari ili msipate taabu ya kunihukumu bila mpangilio.

1. Vijiko. Katika kibanda chetu, kama unavyowaeleza wageni kila siku, kila nyumba ina mnyama wake. Twiga ni wa nyumba yako. Kifaru ni wa akina Nthambi. Simba ni wa wale ndugu wawili wasiosemezana. Mnyama hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na mtu hamshiki mnyama wa mwenzake hata kwa kumpiga msasa. Sasa mimi, baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi kule Shimba Hills, na mahindi hayachongwi. Kwa hiyo nilipomwoa Ndila na kuletwa kibandani, mlinipa vijiko vya saladi. Mlisema ni kwa muda. Huu ni mwaka wa sita, Ndugu Mwenyekiti. Hata nyati, ambaye mchongaji wake alifariki mwaka juzi, mmemfungia kabatini akimngoja mrithi, na mrithi huyo ni utingo wa malori huko Mackinnon Road ambaye hajui tezo hushikwa upande gani. Nyati anamngoja utingo, na mimi nimekaa pale pale, mgongo wangu umeegemea kabati!

Ndila akiulizwa kanisani mumewe anachonga mnyama gani, hujibu kwamba anachonga saladi. Watu hucheka, naye hucheka nao, lakini nikimtazama tukirudi nyumbani naona kicheko kimebaki kule kule kanisani. Na sasa ana mimba ya miezi saba. Novemba, Mungu akipenda, mjukuu wako atazaliwa mrithi wa vijiko. Hilo ndilo linaloniuma, nalisema wazi, na mengine yote katika barua hii yametoka hapo.

2. Sheria. Nilimwomba katibu anionyeshe daftari la sheria za kibanda. Imeandikwa kwamba mkono wa mchongaji usimguse mnyama wa mwenzake. Nikasoma mara tatu. Imeandikwa mkono. Na mashine haina mkono.

Utakumbuka yule mgeni Mswisi, fundi wa mitambo, aliyekaa majuma mawili katika hoteli moja ya Galu na kununua vijiko kumi na viwili. Aliniachia gazeti lenye michoro pamoja na disketi. Humo imeelezwa jinsi mtu anavyoweza kuunda nyumbani kwake mashine ya kuchonga inayoamriwa na kompyuta. Inataka mota tatu: moja ya kwenda mbele na nyuma, moja ya kulia na kushoto, moja ya juu na chini. Katikati kunafungwa drili, nayo hula mti pale inapoambiwa. Mwenye mashine amekaa kando anakunywa chai. Basi nakuuliza kwa heshima zote: mashine hiyo ikimchonga nyati, ni mkono wa nani uliomgusa? Si wangu, mimi nimeshika kikombe. Nilitarajia kupongezwa kwa kuitii sheria kiasi hicho. Badala yake tangu Julai kila ninakokwenda kutafuta vipuri nakuta kamati imenitangulia.

3. Mota. Kompyuta nilikwisha kuipata. Ni ya zamani, ilitupwa na hoteli, huwaka ukiipiga kofi. Lakini mota za aina hii hazipo madukani. Nimezunguka maduka ya vipuri ya Mombasa mpaka wenye maduka wakaanza kuniuliza hali ya mke wangu. Zinapatikana mbili mbili ndani ya printa kuukuu, na printa kuukuu anazo Eddah, mtoto wa ndugu yako, karani wa hoteli hiyo hiyo. Anazo mbili, na hazijachapa hata herufi moja tangu mvua za El Niño.

Nilikwenda kwa adabu, nikamwambia nimekuja kuzichukua maiti nikazizike. Akasema hazijafa, zinamngoja fundi. Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akaniuliza, fundi wa vijiko? Juma lililofuata nikakuta amezifunika kitambaa cha kufuma na kuweka chupa ya maua juu yake. Ndugu Mwenyekiti, mtu hawekewi maua na kitambaa cheupe kama bado anaumwa.

4. Chuma chenye nyuzi. Kila mota lazima izungushe chuma kirefu kilichonyooka, chenye nyuzi kama za boliti mwanzo hadi mwisho. Chuma cha namna hiyo kilikuwa kwa Shutu, muuza vyuma chakavu hapo Ukunda, nami nilikiona kwa macho yangu kikiwa kimelala chini ya mlango wa gari. Sasa Shutu ni Mdigo wa watu, mwenye adabu zake. Kwake huwezi kutaja chuma kabla hamjaulizana za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, na kahawa ikamiminwa. Nilikwenda mara tatu na mara tatu tuliishia kwenye wagonjwa. Mara ya nne tukafika kwenye chuma, naye akaniambia kwa masikitiko kwamba jana yake alikiuza kwa Mwenyekiti.

Niseme ukweli, moyo ulinijaa. Nikajua baba mkwe amenisikia, amenipatia kipuri kwa siri asije akaonekana anapendelea. Nilitoka kwa Shutu mbio, nikafika kibandani nahema, nikakikuta chuma changu. Mmekifanya komeo la mlango. Chuma pekee kilichonyooka kutoka Likoni mpaka Lungalunga, kazi yake leo ni kuwazuia mbuzi wa jirani yetu Biasha wasiingie kula maranda. Na kila asubuhi unapokichomoa, mimi nasimama nyuma yako nikisikia nyuzi zake zikilia.

5. Cherehani na kitanda. Nimeambiwa kwamba Ndila alikuja kwako analia, akasema nimemharibia cherehani. Si kweli. Nimechukua mkanda, gurudumu la chini na meza ya chuma tu. Cherehani yenyewe ipo, inakaa mapajani mwake, na akiizungusha kwa mkono inashona vizuri hasa nguo fupi. Hakunyimwa, amepunguziwa. Nilidhani mke wa mvumbuzi angeona fahari.

Kuhusu kitanda, ni kweli tunalala kwenye mkeka. Mashine inahitaji fremu ambayo haitikisiki, nami katika nyumba nzima sikuona mbao zilizonyooka kama zile za kitanda ulichotupa siku ya harusi. Lakini hebu tazama jambo hili kwa makini. Kitanda ulikitoa wewe. Kitanda sasa ni fremu ya mashine. Kwa hiyo mashine ni yako kwa sehemu, na ukinishtaki Jumamosi utakuwa umejishtaki mwenyewe, na sijui nani atakaa kwenye kiti cha mwenyekiti wakati huo.

6. Shingo. Hili nalisema kwa uchungu. Twiga wako hawalingani. Wiki jana nilipima kwa macho, maana kuwagusa siruhusiwi: kuna wenye shingo ya kutazama Chale baharini na wenye shingo ya kutazama Kwale bara, na mmoja, Mungu anisamehe, alikuwa anatazama miguu yake kama aliyepoteza shilingi. Wageni wanawaona. Mikono ndiyo inayoleta mambo haya, kwa kuwa mkono una siku zake: leo umelala vizuri, kesho umegombana na mtu. Mashine haigombani.

Kwa hiyo naiomba kamati ipitishe yafuatayo. Printa zitolewe kwenye maua. Komeo lirudishwe kwangu na mlango ufungwe kwa kamba, kama zamani. Ifikapo Krismasi mikono yote ya kibanda istaafishwe kwa heshima, na kila mchongaji apigwe picha akiipangusa mashine vumbi. Wazee wapewe kazi ya kuwasha na kuzima, kwa zamu, na wewe uwe msimamizi wa swichi. Wanyama wote wawe wa mashine, ili pasiwe tena na mwenye mnyama na asiye naye. Mkiona hilo ni zito, basi nipeni nyati peke yake nami nitanyamaza hata kuhusu kitanda. Nilipoomba mnyama mwaka jana ulinijibu mbele ya watu, nami sijasahau: "Gedion, mkono wako ni wa kijiko." Nimeukubali uamuzi huo. Ndiyo maana sasa naleta kitu kisicho na mkono.

Nisalimie mama mkwe, umwambie nimezipata zile mbaazi. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, wale walionisema na wale waliotikisa kichwa tu. Msalimie Eddah na printa zake. Ndila anawasalimu, ingawa hajui kwamba naandika.

Mimi mkweo na mwanachama wako mtiifu,
Gedion Muthoka.

Tanbihi. Anayeleta barua hii amebeba na furushi. Nilisahau kulieleza, au niseme nilikuwa naogopa kulieleza.

Nilipoisoma disketi hadi mwisho niligundua kwamba mashine haijui mnyama. Inajua nambari tu. Lazima kwanza umpe mnyama aliyekwisha kuchongwa, umpime nukta kwa nukta, ndipo iweze kumwiga. Na kibandani hakuna aliyekubali niweke rula juu ya mnyama wake. Basi ikabidi nichonge mmoja mwenyewe, wa kupimia tu. Nilichukua lile gogo la mpingo mlilolitupa nyuma kwa sababu lina weupe mwingi, nikamchonga mbega, kwa kuwa anakaa kila asubuhi juu ya paa la jirani na hakuna nyumba inayomdai. Nimeuliza.

Yule wa paani amezaa. Wewe unajua mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, na mama yake mweusi. Basi mama nikamtoa kwenye kiini cheusi, na ule weupe ambao sisi sote huuchonga na kuutupa, nikauacha kifuani pake, nikamtoa mtoto humo. Kazi ilinichukua asubuhi kumi na tisa. Weupe wa mpingo haukai mstari; unaingia, unatoka, na tezo lazima liufuate taratibu kama mtu anayemvua mtoto shati akiwa usingizini. Hakuna nambari ya kuiambia drili pale weusi unapoishia. Gogo lingine litaishia kwingine. Kwa hiyo mashine haitaweza, Baba, hata mkinipa mota mia.

Ndila alimpokea kwa mikono miwili, akakaa naye chini kwenye mkeka mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza kama namuuza. Nikamwambia huyu ni wa kumpeleka kwa baba yake.

Eddah asiondoe maua yake, na komeo libaki mlangoni. Cherehani nitairudisha ilivyokuwa. Ninaloomba Jumamosi ni moja tu: mfungue daftari, na kwenye mstari ulio wazi mwandike mbega, nyumba ya Muthoka. Jina la mtoto mtaliandika Novemba.