Malalamiko Dhidi ya Jamaa za Tuatara Waliokwisha Kufa

Kwa Mwenyekiti wa Wazee wa Ukoo,
Gachoka.

Mheshimiwa Mzee Mwenyekiti,

YAH: MJUKUU WANGU KUPEWA JINA LA MNYAMA

Nakusalimu kwa heshima, ingawa nimekasirika. Unajua kwetu kifungua mimba wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Mwanangu Munene, mwalimu wa bayolojia, amepata mtoto wa kiume. Nilishachinja mbuzi, nangoja kusikia jina langu, Njoka. Akatangaza Tuatara. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Tuatara ni mnyama wa New Zealand. Anafanana na mjusi, lakini Munene anasisitiza si mjusi. Asiyejulikana ni wa nyumba gani hawezi kutoa jina hapa Gachoka.

2. Eti jamaa zake walienea duniani enzi za dinosaria. Wengine walikula majani, wengine waliogelea, wengine walivunja magamba ya chaza kwa meno. Wote wameisha, amebaki yeye tu. Familia yenye ujuzi wote huo ilishindwaje kuacha watoto? Huo ni uzembe, na sasa wanaziba pengo kwa mjukuu wangu.

3. Marehemu hao ni wakubwa wangu kwa mamilioni ya miaka. Tukianza kuwarithisha majina, nitapanga foleni nyuma ya kila mla majani na kila mwogeleaji, na Munene hawezi kuzaa mpaka nifikiwe. Mzee, naogopa. Ndugu zangu wote wametangulia: yule wa miraa kule Maua, mvuvi wa bwawani, na mchinjaji wa kule Majimbo. Nikifa bila jina kubaki, nitakuwa nimekufa kabisa.

4. Kwa hiyo tuatara, akiwa ndiye msimamizi pekee wa ukoo wake, aitwe mbele ya wazee, atozwe beberu, na aape kutodai mtoto mwingine kuanzia Gachoka hadi Embu mjini. Nauli ajilipie.

Nisalimie mama watoto, majirani, na hata wale wazee walionipinga kwenye kesi ya mpaka.

Ni mimi, mwenye uchungu,
Njoka

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu Felicitas ameisoma barua, akacheka mpaka akakaa chini. Amenikumbusha kwamba tangu tumzike ndugu yangu wa mwisho, Munene huniita Tuatara, soko zima likadakia, nami huitika bila kufikiri. Na kwetu mtoto aweza kupewa jina la utani la babu yake. Kumbe mtoto ni mimi. Tafadhali futa yote hapo juu. Lakini kama tuatara ameshaitwa, mwache aje, na beberu nitamchinjia mimi. Amebaki peke yake, aje aone kuna mtoto.