Neno la Jiwe kwenye Ripoti ya Telesphor

Kakese, Mpanda
Jumapili baada ya misa, Novemba 1976

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni mama yake Telesphor, yule mrefu wa Kidato cha Nne, mzuri wa sura; huwezi kuwa umemsahau. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu masista waliusifu, unajionea mwenyewe.

Ripoti ya mwanangu imefika. Mwalimu Maximilian ameandika kwa Kiingereza kwamba Telesphor ni "inert". Ripoti hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kwenye kozi ya mabwana nyuki, na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Nimekwenda kwa Katekista Yohani mwenye kamusi, akanisomea. Sasa nalalamika hivi:

1. Kiingereza kina maneno mengi ya mtu asiyejitikisa, na Mwalimu kachagua la mwisho kabisa. "Idle" ana nguvu ila hana kazi. "Passive" ukimsukuma anakwenda. "Dormant" ni mbegu ghalani, inangoja mvua. "Inert" ni jiwe. Jiwe, Ndugu Mwalimu, mtoto niliyemzaa mwenyewe?

2. Kalisti wa jirani yangu Hilaria, anayelala darasani mpaka anaota, nyie mmemwandikia "passive". Sasa Hilaria anatangaza kisimani kwamba wa kwake akisukumwa anakwenda, wa kwangu hata mkileta trekta.

3. Baba yake Telesphor ni mrina asali. Mzinga ukinyamaza hasemi ni mtupu. Anapanda, anaugonga, anatega sikio. Naomba kujua nani alimgonga mwanangu akasikiliza. Sisemi kwa fimbo.

4. Nyuki humchoma anayepapatika. Telesphor walimtambalia usoni mpaka kwenye kope, wala hakupepesa. Kwa hiyo ubaya mliomwandikia ndiyo kazi yenyewe. Hao wanaonyoosha vidole kila dakika nyuki watawamaliza wiki ya kwanza.

5. Tena ni mtoto wa kuaminika. Hata sasa nimemwachia chungu cha maharage jikoni, na tangu nianze barua hii hajaondoka, hajanisumbua hata kwa swali.

Basi naomba neno la jiwe lifutwe, iandikwe "dormant". Mvua yake ni hiyo kozi. Likibaki, mwanangu atabaki nalo hapa nyumbani, nami nimeshamtangaza bwana nyuki mpaka kule Shanwe.

Msalimie mkeo, walimu wote, na mpishi aliyekuwa akimwongezea Telesphor ukoko. Mwalimu Maximilian naye msalimie, ila baadaye kidogo.

Mimi mwenzenu katika kulijenga taifa,
Emerensiana, Mama Telesphor

N.B. Maharage yameungua na chungu kimepasuka. Nimemuuliza Telesphor kama hakusikia harufu. Amesema aliisikia tangu mapema. Ndugu Mwalimu, neno liacheni palepale. Lakini kwenye kozi mpelekeni. Nyuki hawapikiwi maharage.