Boksi Nililolitupa Namoto

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya watu watatu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anipe kazi.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Tangu gesi igunduliwe huko baharini, huku kwetu Msumbiji Palma nzima inaomba kazi, na barua zao nawachapia mimi. Nimewachapia madereva, wapishi, walinzi. Wakishapata, wananipita na pikipiki hata salamu hakuna. Mwezi huu ikatoka nafasi ya karani kwenye kampuni inayojenga kambi ya watu wa gesi. Nikajiambia, Zuhura, safari hii chapa yako.

Tatizo kompyuta yangu. Mfumo wake wa kuiendeshea ulikuwa wa majaribio, kila asubuhi unanikumbusha kwamba siku zinakwisha. Saidi, mtoto wa mama mdogo, mwalimu wa sekondari, akaniletea diski yenye picha ya ndege mnene amekaa kitako.

"Dada, huu ni mfumo wa bure. Leseni yake inakuruhusu kutumia, kunakili, hata kumpa jirani."

"Niende na cha bure kwenye kampuni ya gesi?" nikamjibu. "Si wataniona na mie wa bure?" (Mdomo wangu huu.)

Jumamosi nikavuka mto Rovuma mpaka Mtwara, Tanzania, nikanunua mfumo wa kulipia, ndani ya boksi la buluu linalong'aa. Pesa ilikuwa ya mabati ya jiko. Muuzaji alinionya kabisa kwamba kitu kikishafunguliwa hakirudishwi.

Sasa mnajua wenyewe tunavyorudi na mizigo. Kabla ya kufika alfandega ya Namoto, kwa watu wa forodha, kila mtu anachana maboksi na kuyatupa kichakani. Viatu vipya vinavaliwa, sufuria mpya zinapakwa masizi, ili kila kitu kionekane cha zamani, kisitozwe ushuru. Mimi nimeyajua hayo tangu nabebwa mgongoni. Mikono ikafanya yenyewe. Nikachana boksi, nikatupa, diski nikaificha ndani ya daftari. Nikapita salama, najiona mjanja.

Nyumbani diski ikataka namba ya leseni. Namba ilikuwa kwenye stika. Stika ilikuwa kwenye boksi.

Nikampigia muuzaji. Akasema, "Lete boksi na risiti, mama, ndipo tuzungumze." Risiti nayo nilikuwa nimeitia ndani ya boksi. (Isipotee.)

Jana nimekwenda Namoto kupekua kichaka. Nimekuta maboksi ya viatu ya Palma nzima. Langu sikuliona. Lakini kwa hesabu yangu majaribio yalikuwa yamebakiza siku moja, nikajipa moyo.

Leo asubuhi usaili. Kila mtu aje na kompyuta yake. Wakanisomea barua niichape, na vidole vyangu vilikuwa vinakwenda vizuri, wallahi. Kwenye aya ya tatu kioo kikawa cheusi. Kikatoka kisanduku kimoja tu, kinataka namba.

Senhora, yule mama aliyekuwa ananisaili, akainama kutazama. "Mana, licença yako iko wapi?" Kwa Kireno chake mimi ni dada, na anataka leseni.

"Namoto."

"Kwa nani?"

"Kichakani."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikaeleza yote, mpaka masizi ya sufuria. Wenzake wawili wakaangalia chini, mabega yanatikisika.

"Haya, tumia kompyuta yetu," senhora akasema.

Nikawasha. Akatokea ndege mnene, amekaa kitako.

"Na nyie mnatumia wa bure?" Swali lilinitoka lenyewe.

"Kambi yote," akasema. "Hatutaki kuhangaika na leseni."

Nikatafuta pa kuandikia, sikupaona. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, mwisho nikaizima. Wakanishukuru kwa upole. Ule upole ndio ulionimaliza. Msichana aliyefuata alifundishwa na Saidi, ndege huyo anamjua. Kabla sijafika getini nilisikia mashine ya kuchapia karatasi inafanya kazi.

Nimerudi kwa mguu. Sikutaka kupanda pikipiki, maana nusu ya wale madereva wamepewa leseni zao kwa barua nilizochapa mimi, na leo mimi ndiye sina. Nimelia, siwafichi. Ile kazi niliitaka.

Saidi yuko hapa ananiwekea ndege wake. Lile neno "nilikwambia" najua linamwasha mdomoni. Nanyi msicheke. Ila atakayevuka Namoto akaliona boksi la buluu kichakani, aniletee. Kazi imeshakwenda, lakini lile boksi ni jiko langu.