Mjomba wa Kitaya na Dripu ya Kansa

Jamani, leo nimeadhirika mpaka kivuli changu kimenikana.

Mnamjua mbwa wangu Tutaonana, anayelinda mihogo yangu hapa Ziwani? Bila yeye nguruwe pori wanavuna kabla yangu. Sasa kaota uvimbe pajani, mkubwa kama dafu. (Haya, kama limau.) Daktari wa mifugo mjini kasema ni kansa: anaukata kwa mwale wa leza, halafu anamtundikia dripu ya dawa za kansa kumaliza vimizizi vilivyobaki. Leo ndiyo siku.

Nikaita bajaji. Lakini kumpeleka mbwa hospitali, si kijiji kizima kitanicheka? Nikamfunika gubigubi kwa kanga ya mke wangu. (Akili nyingi!)

Hatujafika mbali, mama mkwe huyu hapa, anatusimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo kafunikwa?"

Mdomo ukatangulia akili. "Mjomba wangu wa Kitaya. Ana kansa ya paja, anaenda kukatwa."

Mjomba! Kwetu huyo ndiye mkubwa wa ukoo. Mama akaingia palepale. "Mjomba wako akatwe, mimi nikae napepeta unga?"

Akampakata kichwa. Njia nzima anasoma dua, anampapasa juu ya kanga. "Maskini, kakonda! Kabaki ndevu tu!" Dereva anacheka mpaka bajaji inayumba. Mimi jasho linanimwagika, lingetosha kumwagilia mikorosho ya Mtwara nzima.

Daktari akatupokea mlangoni. "Kala chochote leo?"

"Hata kuongea hawezi, mwanangu," mama akajibu.

"Sawa. Baada ya dripu, mkojo wake msiuguse bila glovu, unatoka na dawa kali. Na msimwache alambe kidonda."

Mama akanigeukia polepole. "Alambe? Paja lake mwenyewe?"

Hapo mgonjwa akachomoa kichwa kwenye kanga, akamlamba mama mkwe uso mzima, kidevu mpaka paji!

Mama hakupiga kelele. Bora angepiga! Aliomba maji na udongo, kama dini inavyotaka ukilambwa na mbwa, akanawa, akarudia, akarudia tena, macho kwangu tu. Kisha akasema, "Mjomba wako ana adabu kukushinda. Yeye angalau kanisalimia bila kunidanganya."

Uvimbe umetoka, dripu imeingia, Tutaonana kalala anakoroma. Mihogo yangu imepona. Mimi ndiye sijapona, maana jioni hii mjomba mwenyewe kanipigia simu kutoka Kitaya:

"Mpwa wangu, nasikia nimekatwa paja. Naendeleaje?"

Msicheke. Nimemwambia anaendelea vizuri, ila asijilambe.