Jicho la Tvrdik na Mrushaji kutoka Sendai

Jumatatu, 8 Januari

Nimeteuliwa! Bi. Pasch, meneja mkuu wa klabu, kaniita ofisini asubuhi na kunikabidhi faili. Ndani jina moja: Onodera Shunpei, mrushaji wa besiboli kutoka Sendai, Japani. Miaka ishirini na tisa. Mkono wa kulia. Mkataba wake kule umekwisha, ni mchezaji huru, anakwenda anakotaka, na klabu nne zinamtaka. Tatizo ni moja. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa kiwiko. Kesho anafika hapa kwetu Omaha, Marekani, atakaa siku chache, kisha tuamue: tumsajili au tumwache.

Nani wa kuamua? Jicho. Na jicho la klabu hii, kwa miaka thelathini na moja, ni la Lowell Tvrdik, mtafuta vipaji, yaani mimi. Mimi ndiye niliyemgundua mrushaji Cletus Barfuss, ambaye leo ni fundi wa kuezeka mapaa anayeheshimiwa wilaya nzima.

Kuna usumbufu mmoja. Imogen Radtke, binti wa takwimu, miaka ishirini na saba, naye ataandika ripoti. Bi. Pasch alisema kwa upole kwamba kuanzia mwaka huu klabu itahitaji ripoti ya mtu mmoja tu, si wawili, na kazi hii ndiyo itakayomsaidia kuamua. Nilimwelewa papo hapo. Maskini Imogen! Na juzi tu amehamia nyumba mpya.

Bernadette, mke wangu, aliuliza kama sitalisoma lile faili. Nikamweleza kwamba jicho halisomi, linaona. Akasema basi lione na sinki, limeziba tangu Ijumaa.

Jumanne, 9 Januari

Uwanja wa ndege. Theluji hadi kwenye vifundo. Nilikuwa nimeandika bango la kumpokea, kwa Kijapani, kwa mkono wangu mwenyewe. Niliyanakili maandishi kutoka picha niliyopiga Osaka mwaka 2009. Yalikuwa mazuri, nikadhani ni ya kukaribisha watu.

Onodera akatokea. Mrefu, kimya, macho chini. Pembeni yake mkalimani, Bwana Hosokawa, mtu mzima mwenye miwani na adabu ya kupita kiasi. Aliliangalia bango muda mrefu. Akaniuliza taratibu kama ninajua limeandikwa nini. Nikasema bila shaka. Akasema: “Limeandikwa, tahadhari, sakafu inateleza.”

Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyokusudia. Nikamwonyesha theluji. Akaitazama theluji, akalitazama bango.

Kisha salamu. Hapa nina mbinu yangu. Mkono wa mrushaji huushiki kama mkono wa mtu wa kawaida. Unaushika, unatulia, unausikiliza. Niliusikiliza wa Onodera mpaka Bwana Hosokawa akauliza kama nataka kukaa chini. Matokeo: mkono laini. Hauna nguvu. Nikaandika.

La pili: sanduku alilibeba kwa mkono wa kushoto. Anarusha kwa kulia, anabeba kwa kushoto! Kiwiko hicho! Nikamnong'oneza Imogen, aliyekuja nami kumpokea, kwa huruma tu, apate kitu cha kuandika. Akasema labda aliuacha wa kulia huru ili atusalimie. Mtoto huyu. Kompyuta zimemla akili.

Jumatano, 10 Januari

Mazoezi ya ndani. Onodera arushe mipira arobaini, Ruark adake. Ruark ni mdakaji wetu mkuu, mikono kama makoleo.

Imogen alifika na kamera sita, nyaya, na kompyuta mbili. Mimi nilifika na kiti. Nikakiweka ukutani, nikakaa, nikafumba macho. Watu walicheka. Wacheke. Mrushaji wa kweli unamjua kwa mlio wa mpira ukigonga glavu. Mlio mzuri unapasua hewa. Mlio wa Onodera ulikuwa bubu. Pof. Pof. Pof. Mara arobaini. Nikaandika: “Mlio wa mto wa kulalia.”

Nilipofumbua macho Imogen alikuwa amesimama mdomo wazi mbele ya kompyuta yake. Nikajua na yeye amekata tamaa.

Jioni nikamkuta Ruark amezamisha kiganja kwenye ndoo ya barafu. Nikamuuliza vipi. Akasema: “Mzee, yule jamaa ananiua. Baada ya mpira wa tatu nikatia sponji mbili ndani ya glavu. Ule mpira wake wa kudondoka, unauona uko hapa, ghafla uko kwenye goti lako.”

Sponji. Nilitafakari jambo hili njia nzima kwenda nyumbani. Sikubadilisha ripoti. Ukianza kubadilisha ripoti kwa sababu ya sponji, kesho utaibadilisha kwa sababu gani?

Jana usiku nilijaribu kuzibua sinki, kumbe nililiziba zaidi. Bernadette kaita fundi.

Alhamisi, 11 Januari

Siku kubwa! Nimefanya kipimo ambacho hakuna klabu nyingine ingekifikiria.

Wazo lilinijia nikinyoa. Imogen ana kamera, lakini amempima ndani, kwenye joto. Sisi Omaha tunaanza msimu mwezi wa Aprili, vidole vikiwa vimeganda. Je, kiwiko kilichopasuliwa kitavumilia baridi? Hakuna ajuaye. Na ukimwambia mtu unampima, anajikaza. Lazima umkute hajajiandaa.

Nikawachukua Onodera na Bwana Hosokawa kuwatembeza mjini. Imogen hakualikwa. Tulipofika bustani ya karibu na mto nikasimamisha gari, nikasema tunyooshe miguu. Nikainama kama ninafunga kamba za kiatu. Nikafinyanga donge la theluji, zuri, gumu. Nikamrushia Onodera.

Likampiga Bwana Hosokawa sikioni.

Bwana Hosokawa akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. Nilidhani nimeharibu uhusiano wa mataifa mawili. Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu Jumanne. Onodera anacheka. Anacheka mpaka ameshika magoti. Bwana Hosokawa naye akaokota theluji, akanirushia kwa hasira ya heshima, akanikosa mbali sana.

Nikamfanyia Onodera ishara: njoo basi, nipige! Nikarudi nyuma hatua thelathini. Akafinyanga donge. Hakujipinda, hakujipanga. Mkono ukapita tu. Kofia yangu ikaondoka kichwani. Sikuguswa hata unywele, na sina nyingi.

Nikaiokota, nikaivaa. Ikaondoka tena. Nikaivaa mara ya tatu, nikachuchumaa kumchanganya. Ikaondoka. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mtoni, ubavuni kwake. Alirusha kumi na nne. Kofia mara kumi na nne.

Ila mimi niliteleza wakati wa ile ya mwisho, nikaingia kwenye mtaro mzima mzima. Nikawapeleka nyumbani kwangu nikabadilishe suruali.

Bernadette alikuwa na supu ya kabichi chachu na madonge ya unga, na kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki, za plamu. Onodera alikula sahani tatu. Mimi niko jikoni, naanika daftari langu juu ya oveni, nasikia kila kitu.

Bernadette hajui besiboli. Ndoa ya miaka thelathini na hajui. Akamuuliza swali ambalo hakuna mtaalamu angeliuliza: “Mwanangu, ulipopasuliwa, uliogopa?”

Bwana Hosokawa akatafsiri. Onodera akaweka kijiko chini, akaanza kuongea, polepole, na Bwana Hosokawa akimfuata.

Alisema baada ya upasuaji alikaa miezi kumi na minne akirusha mpira peke yake kwenye ukuta wa karakana ya baba mkwe wake, mtengenezaji wa tambi. Mwezi wa kwanza wenzake walipiga simu. Mwezi wa nne hakupiga mtu. Mwezi wa saba akaona kwenye televisheni jezi yenye namba yake ikivaliwa na mwingine. Alisema maumivu yalikwisha zamani. Kilichobaki ni kwamba kila mpira ukimtoka mkononi, kwanza anasikiliza kiwiko, ndipo anamtazama mpigaji. Hajawahi kumwambia mtu. Tangu afike Marekani watu wanne wamekishika kiwiko chake, na mmoja ameushika mkono wake muda mrefu sana. Hakuna aliyemuuliza yeye anajisikiaje.

“Na leo kwenye theluji?” Bernadette akauliza.

Onodera akatabasamu. Akasema leo hakusikiliza chochote. Alikuwa anatazama kofia.

Nilibaki jikoni kidogo. Kitunguu cha supu ya Bernadette kinatoa machozi hata kikishapikwa.

Niliporudi mezani nikaandika kwenye ripoti: “Mwongeaji.”

Ijumaa, 12 Januari

Bi. Pasch amesikia habari za theluji. Alikuwa mwekundu kuanzia shingoni. Alisema: “Lowell! Kiwiko kile kimewekewa bima na kampuni mbili, wewe unakitumia kupigia kofia?” Nikamwambia ilikuwa sayansi. Akafumba macho, akapumua, akafungua kikao.

Nikasoma kwanza. Nilisimama. Mkono laini. Sanduku kushoto. Mlio wa mto. Mwongeaji. Hitimisho: asisajiliwe. Sijawahi kusoma vizuri hivyo. Ruark, aliyeitwa atoe maoni, aliuangalia tu mkono wake uliofungwa bandeji. Hoja zilimlemea.

Imogen akasoma. Kasi, mzunguko, pembe, mambo hayo. Alisema kila namba inasema asajiliwe. Lakini, na hapa nampongeza kwa ukweli, alikiri ana pengo moja. Hajui kiwiko kitafanyaje kwenye baridi, na bila hilo hawezi kumshauri Bi. Pasch ampe mkataba mrefu.

Baridi! Hapo nikaingia. Ningewezaje kunyamaza wakati mimi peke yangu ndiye mwenye jibu?

Imogen akaniuliza umbali. Hatua thelathini, nikasema, hatua zangu, nilizipima. Upepo? Kutoka ubavuni, mkali, bendera ya daraja ilikuwa imenyooka. Marushio mangapi? Kumi na nne. Yalipungua nguvu kuelekea mwisho? Yapungue! La kumi na nne lilipeleka kofia mbali kuliko la kwanza. Alishika kiwiko hata mara moja? Hata mara moja. Alikunja uso? Alikuwa anacheka!

Binti anaandika, anaandika, mimi najibu tu. Kumbukumbu yangu ni ya ajabu. Mwishoni akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa namna nisiyoizoea. “Asante sana, Mzee Tvrdik. Hiyo ndiyo taarifa iliyokuwa inakosekana. Nisingeipata kwa kamera yoyote.”

Bi. Pasch akasema basi, tumpe mkataba wa miaka mitatu.

Nilihitaji dakika kadhaa kulielewa. Ripoti yangu imeshindwa kwa ushahidi wangu mwenyewe. Yaani, kwa vyovyote vile, Tvrdik ameshinda.

Jumamosi, 13 Januari

Ametia saini! Zile klabu nyingine tatu zilimpigia simu asubuhi yote. Mojawapo iko katika mji wenye ufukwe! Akachagua Omaha.

Bi. Pasch alimuuliza Bwana Hosokawa sababu. Nilikuwa karibu, nikajiweka vizuri nipokee shukrani. Bwana Hosokawa akainama kidogo, akasema Onodera anataka kucheza mahali palipo na yule mama wa supu. Na pia kwamba Alhamisi alikumbuka kwa nini alianza kurusha mpira akiwa mdogo.

Yule mama wa supu. Ambaye ni mke wa nani?

Kisha Bi. Pasch akanibakiza nyuma. Ile kazi ya ripoti, alisema, sasa itakuwa ya Imogen peke yake. Akangoja. Nadhani alitegemea nihuzunike. Akaongeza haraka kwamba klabu imeona haja ya mtu wa kuwapokea wachezaji wanaotoka ng'ambo: awachukue uwanja wa ndege, awatafutie nyumba, awazoeshe mji, ale nao. Wachezaji wanaelekea kutulia wakiwa nami, alisema, hata kama haelewi kwa nini. Na Bernadette pia atalipwa, kama atakubali.

Nimepandishwa cheo! Wengine wanawaona wachezaji kupitia kioo cha kompyuta. Mimi nitawaona kwenye gari, mezani, wakitafuta soksi. Jicho litakuwa kazini saa zote.

Nilimpa Imogen mkono wa pole. Atalazimika kufanya kazi bila mimi. Aliniuliza kama anaweza kuja nyumbani siku moja kula supu. Nikasema sawa, lakini asilete nyaya.

Bernadette alipolisikia jambo hili akacheka mpaka akakaa. Kisha akasema ndiyo, na akaniambia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwamba anajivunia mimi. Nimeliandika hapa ili liwe na tarehe.

Alhamisi, 25 Januari

Siku ya nne na mgeni wa kwanza wa wadhifa wangu mpya. Chiu Po-han, wa Taichung, Taiwan, anarusha kwa kushoto. Klabu imenikataza kuandika ripoti. Kwa hiyo ninaziandika kwenye gari.

Nimemchunguza kimyakimya tangu Jumatatu na nimefikia uamuzi usiotikisika. Viazi anakula bila chumvi! Mara tatu! Mtu asiyetia chumvi kwenye kiazi hawezi kulinda ushindi mechi ikifika ukingoni. Nimeandika kurasa sita. Hitimisho: asisajiliwe kabisa.

Nimemsomea Bernadette. Akaniambia Chiu alitia saini juzi, Jumanne, na kwamba picha imo gazetini, na mimi ndiye niliyemshikia kalamu.

Nimeipa ripoti tarehe ya Jumatatu.